Muuza Mkaa Aliyepata Uwaziri

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Wale waliohudhuria mdahalo wa shule muhula uliopita watakumbuka jinsi upande wetu ulivyoshindwa. Hoja ilikuwa "Mali ni bora kuliko elimu," na mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kupinga. Tulikuwa tukienda vizuri mpaka mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu aliposimama akasema, "Bwana Mwenyekiti, alikuwapo mtu Kenya jina lake Njenga Karume. Alianza kwa kuuza mkaa. Hakusoma. Amekufa tajiri, na uwaziri wa ulinzi aliupata." Akakaa chini. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi niliyekuwa na karatasi mbili za kusema, nikasema maneno manne matano yasiyo na kichwa wala miguu, nikaketi.

Jambo hilo liliniuma kwa sababu mbili. Ya kwanza kila mtu aijua. Ya pili ni kwamba mimi ni mtoto wa Mbwara, na mkaa kwangu si neno la mdahalo. Mjomba wangu anayenilea ni mchoma mkaa. Sanduku langu, godoro langu na nauli ya kuja shuleni vyote vimetoka katika tanuri. Naye mjomba amekwisha kuniuliza mara mbili, kwa upole kabisa, kama nikimaliza kidato cha nne nitarudi kumsaidia kazi au nitaendelea mbele. Kwa hiyo nilimwomba mwalimu wetu wa historia anisaidie kupata habari za huyo bwana. Nimesoma nilichoweza kukipata, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza niondoe kosa moja ambalo hata mimi nililifanya. Huyu siye Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyekuwa baharia katika ujana wake na aliyeuawa mwaka 1972. Wamelingana jina tu. Yule ninayemwandika ni Mkikuyu wa Kiambu, James Njenga Karume, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufa tarehe 24 Februari, 2012.

Alizaliwa Elementaita, katika Bonde la Ufa, kwenye shamba la Lord Delamere liitwalo Soysambu. Wazazi wake walikuwa maskwota. Skwota alikuwa mtu mweusi aliyeruhusiwa kujenga kibanda na kulima kipande kidogo katika shamba la Mzungu, na malipo yake yalikuwa kumfanyia Mzungu kazi siku nyingi za mwaka. Hakuwa na ardhi, na bwana shamba akimtaka aondoke aliondoka. Hivyo huyu bwana hakuanza maisha na shamba la kurithi, wala duka la baba, wala ng'ombe wa kuuza.

Shule aliipata kwa shida, tena kidogo. Biashara yake ya mwanzo ilikuwa mkaa. Mwaka 2009, alipokuwa mzee wa miaka themanini, alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho Beyond Expectations: From Charcoal to Gold, na katika jina hilo mkaa haukufichwa. Jambo hili lilinifurahisha. Watu wengi wakipanda juu huanza hadithi yao katikati, pale walipokwisha kuvaa viatu.

Hapa naomba radhi nisimame kidogo kwenye mkaa wenyewe, maana naona wengi wanaopika kwa mkaa hawajui unavyopatikana, na asiyejua hilo hawezi kufahamu mtu kama Karume alijifunza nini.

Mchomaji huchagua mti mgumu. Kwetu watu hupenda mtondoro na jamii ya miyombo, kwa kuwa mkaa wake ni mzito na hauishi upesi jikoni. Mti hukatwa, hupasuliwa magogo, na magogo hupangwa kwa kubanana mpaka lundo lifike kifuani mwa mtu. Juu yake hutandikwa majani mabichi, na juu ya majani hufukiwa udongo. Huachwa mdomo mmoja wa kuwashia moto na matundu madogo ya kutolea moshi. Ukikwisha kuwasha, kazi ndiyo kwanza imeanza. Moshi wa mwanzo ni mweupe na mzito, maana ni maji ya mti yanayotoka. Baada ya siku kadhaa huwa mwembamba wenye rangi ya samawati, ndipo mchomaji ajue kwamba sehemu ile imeiva. Siku zote hizo hana budi kulala karibu na tanuri. Udongo ukipasuka usiku na hewa ikaingia, mti hauwi mkaa tena, huwa majivu, na kazi ya mwezi mzima imekwisha kabla ya alfajiri. Hata tanuri likienda vizuri, kilo mia za kuni kavu hutoa kilo kumi mpaka ishirini tu za mkaa. Yaani sehemu kubwa ya msitu imekwenda juu kama moshi. Jambo hilo ni la kuhuzunisha, na sisi wa Rufiji tunaliona kwa macho, maana kila mwaka mjomba huenda mbali zaidi kutafuta mti wa kukata.

Lakini tanuri ni nusu tu ya biashara. Nusu nyingine ni karatasi. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mtu hawezi kuvuna msitu kwa biashara bila kibali na bila kulipa ushuru, wala gari haliwezi kuubeba mkaa bila hati ya kusafirishia. Gunia likitoka kwetu huvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, likapita Ikwiriri na Kibiti kwenda Dar es Salaam. Njiani kuna vizuizi, na katika kila kizuizi linaloulizwa si ubora wa mkaa. Linaloulizwa ni karatasi. Miaka miwili iliyopita magunia ya mjomba yalizuiwa katika kizuizi kimojawapo, naye akapata hasara kubwa. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kibali kilikuwa kimepitwa na tarehe, naye hakuisoma. Alikuwa amekikunja vizuri, akakitia katika mfuko wa nailoni, akakitunza kama hirizi, lakini hakukisoma.

Kwa sababu hiyo, nilipokuwa nikisoma habari za Karume, jicho langu halikukaa sana kwenye utajiri wake. Lilikaa kwenye vibali.

Fikirini Kenya ya siku zile. Tarehe 20 Oktoba, 1952, Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Tangu hapo Mkikuyu hakuweza kutembea apendavyo. Alitakiwa awe na karatasi ya kumruhusu kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Baadaye ikaanzishwa hati ya utiifu, na asiyekuwa nayo alipata taabu hata kupewa leseni ya biashara. Kijana mwenye mkaa au mbao za kupeleka mjini alikuwa na bidhaa, alikuwa na mnunuzi, na bado asingeweza kwenda kama mkubwa mmoja ofisini hakutia sahihi. Nadhani mtu aliyefanya biashara katika hali hiyo hawezi kusahau tena mahali kalamu ilipo.

Basi Karume alitoka katika mkaa akaingia katika mbao, kutoka mbao akaingia katika maduka na magari ya mizigo. Na hapa ndipo nilipopata jawabu ambalo nilikuwa nikilihitaji siku ile ya mdahalo. Alikwenda kusoma! Alisoma mambo ya biashara katika Jeanes School, Kabete, karibu na Nairobi, chuo ambacho watu wazima walipelekwa kujifunza kazi mbalimbali, na ambacho baada ya miaka kiligeuzwa kuwa chuo cha utawala cha Serikali ya Kenya. Hakuwa na shahada, wala sitasema kwamba kozi ile ndiyo iliyomtajirisha. Lakini aliyesema "hakusoma" alisema zaidi ya ukweli. Mtu huyu aliacha kwa muda biashara iliyokuwa ikimpa fedha, akaenda kuketi darasani. Laiti ningalijua siku ile, ningalisimama tena.

Biashara iliyomfanya awe mtu mkubwa ilikuwa ya kusambaza bia. Kwetu Rufiji wengi wetu ni Waislamu, na pombe si jambo la kujivunia katika gazeti la shule, lakini siwezi kuificha maana ndiyo habari yenyewe. Tena ukiondoa bia ukaweka soda au saruji, njia ya biashara ni ile ile, na yafaa kuielewa.

Kiwanda hakipeleki kreti kwa kila mwenye baa. Kingefanya hivyo kingehitaji magari elfu na makarani elfu. Badala yake kiwanda huigawa nchi katika maeneo, na kila eneo hupewa wakala. Wakala hununua kreti nyingi kwa pamoja, huzipeleka kwa magari yake mpaka kwenye baa za vijijini, hukusanya fedha, hukusanya chupa tupu, huzirudisha kiwandani. Faida katika kreti moja ni ndogo sana. Lakini kreti ni nyingi, na watu hawaachi kunywa. Tena katika eneo lake wakala hana mshindani, kwa kuwa kiwanda kimempa yeye. Hapo ndipo penye utamu wote, na ndipo penye hatari yote. Magari ni yake, madereva ni wake, ghala ni yake, lakini haki ya kuuza si yake. Ameazimwa. Kiwanda kikiandika barua moja, kesho yake magari yanasimama uani.

Karume alikuwa wakala mkubwa wa Kenya Breweries kwa miaka mingi, na kampuni yake moja ya kazi hiyo iliitwa Kiambu General Transport Agency. Mwishowe uwakala huo ulikatwa. Alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi, lakini kiwanda kilikata rufani, na Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi ule. Wakati huo alikuwa na mali nyingine nyingi, mashamba na hoteli, kwa hiyo hakuanguka. Angekuwa mtu wa magari mawili tu angekwisha.

Sasa naja kwenye siasa. Labda msomaji ataniuliza, mtu mwenye magari na mashamba atafuta nini Bungeni? Mimi naona jawabu limekwisha kuonekana hapo juu. Mfanyabiashara wa nchi zetu hugundua mapema kwamba mlango wa biashara hufunguliwa na mtu mwingine, na funguo ziko serikalini. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, na mwaka 1967 ikatunga sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara fulani na katika sehemu fulani. Maelfu ya Waafrika wakaingia katika maduka na usafirishaji. Nani aingie wapi liliamuliwa ofisini. Mtu aliyejulikana ofisini alikuwa na njia fupi.

Tena Kenya ilikuwa na desturi ya harambee. Wananchi wakitaka shule au zahanati walikusanyika Jumapili kwenye uwanja, na mgeni wa heshima alitoa mchango mbele ya wote, kiasi kikatangazwa. Mwalimu angetoa shilingi kumi, tajiri wa magari angetoa maelfu. Bila kuandika jina lake kwenye karatasi yoyote ya kura, alikuwa amekwisha kuanza kampeni.

Karume aliinuka kwa njia nyingine pia, na katika njia hii sitamsifu. Mwaka 1971 kilianzishwa chama kilichoitwa GEMA, cha Wakikuyu, Waembu na Wameru. Karume alikuwa mwenyekiti wake tangu mwaka 1973. Chama kilikuwa na kampuni yake, wanachama wakatoa fedha za hisa, zikanunuliwa mali. Kama ni kazi ya kuwakusanya watu wadogo wapate mtaji, ni kazi njema, nayo yafanana na ushirika. Lakini mlango wake ulikuwa kabila. Asiyekuwa wa makabila hayo alikaa nje akiangalia. Katika bweni letu tunalala Wandengereko, Wamatumbi, Wamakonde, Wasukuma na Wahaya, na sijui tungeishi vipi kama kila kabila lingekuwa na sanduku lake la fedha na mwenyekiti wake. Serikali ya Kenya ilivipiga marufuku vyama vyote vya kikabila mwaka 1980, GEMA ikiwamo.

Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta alimteua kuwa Mbunge. Siku hizo Rais wa Kenya aliweza kuteua Wabunge kumi na wawili wasiopigiwa kura. Miaka miwili baadaye Karume akaingia katika jambo lililotikisa nchi. Kwa katiba ya Kenya, Rais akifa, Makamu wa Rais alishika madaraka kwa siku 90 mpaka uchaguzi. Makamu alikuwa Daniel arap Moi. Wakubwa kadhaa, Karume mmoja wao, wakazunguka mwaka 1976 wakitaka kifungu hicho kibadilishwe. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akawaonya kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Wakanyamaza. Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti, 1978, na Moi, yule yule waliyetaka kumzuia, akawa Rais.

Ungedhani huo ndio mwisho wa Karume. Sivyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1979 alisimama jimbo la Kiambaa, na aliyemshinda alikuwa Mbiyu Koinange. Ndugu zangu wa upande wa kuunga mkono hoja mngelijua hili mngetumaliza kabisa! Koinange alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Kenya kupata elimu ya juu. Alisoma mpaka Columbia University, Marekani, akarudi akaongoza chuo cha walimu cha Githunguri kilichojengwa kwa michango ya wananchi, na chini ya Kenyatta alikuwa Waziri katika ofisi ya Rais. Huyo ndiye aliyeangushwa na muuza mkaa wa zamani.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Je, wapiga kura wa Kiambaa walisema mali ni bora kuliko elimu? Mimi sioni hivyo. Koinange alikuwa madarakani miaka mingi karibu sana na Rais, na Rais huyo amekwisha kufa. Karume naye alikuwa mtu ambaye magari yake yalipita katika kila kijiji, na mkono wake ulionekana katika kila harambee. Watu walimchagua waliyekuwa wakimwona. Huo ni uamuzi wa kura, si mtihani wa thamani ya kitabu.

Chini ya Moi alikuwa Waziri Msaidizi, wala hakupanda zaidi ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 1991, vyama vingi viliporuhusiwa, Mwai Kibaki alitoka KANU akaanzisha chama cha DP, na Karume alikuwa pamoja naye. Uchaguzi wa mwaka 1992 Karume alishindwa Kiambaa. Mwaka 1997 alirudi. Halafu mwaka 2002 akafanya jambo lililowashangaza wengi: alimwacha rafiki yake Kibaki, akarudi KANU kumuunga mkono Uhuru Kenyatta, mtoto wa Rais wake wa zamani. Uhuru alishindwa, Kibaki akawa Rais, na Karume alirudi Bungeni upande wa upinzani.

Lakini mwaka 2004 Kibaki alibadilisha Baraza la Mawaziri, akawachukua na watu wa upinzani. Ndipo Karume alipopata uwaziri kamili kwa mara ya kwanza, Waziri wa Nchi wa mipango maalumu. Mwishoni mwa mwaka 2005 akapewa ulinzi. Hesabuni wenyewe. Aliingia Bungeni mwaka 1974, akawa Waziri mwaka 2004. Miaka thelathini, na umri wake ulikuwa miaka sabini na mitano. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 alishindwa Kiambaa na Stanley Githunguri, mfanyabiashara mwingine aliyewahi kuongoza benki. Uwaziri wake wote haukutimiza miaka minne.

Kwa hiyo mwenzetu wa kidato cha tatu alisema kweli, lakini aliifupisha mno. Kati ya mkaa na uwaziri kuna miaka hamsini na zaidi, na katika miaka hiyo mna chuo, mna magari, mna kabila, mna kesi, mna kushindwa mara mbili, mna kuhama chama na kurudi.

Nilimwuliza mwalimu swali moja ambalo naona lawahusu wazazi wetu wanaosoma gazeti hili. Je, mtu kama Karume angaliweza kuwa kiongozi Tanzania katika miaka ile ile? Mwalimu alinionyesha Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari, 1967. Katika masharti ya uongozi, kiongozi wa TANU au wa Serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, wala kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, wala kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Karume angaliambiwa achague, magari au kiti. Kenya walikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilikubali hata watumishi wa Serikali wafanye biashara zao.

Kwetu masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na tangu mwaka 1995 tunayo sheria ya maadili ya viongozi wa umma. Kwa sheria hiyo kiongozi aweza kuwa na mali, lakini hana budi kuitaja kwa maandishi. Wazee wetu wengine husema Azimio liliwabana mno watu wenye bidii. Wengine husema tangu lilegezwe, kila mwenye gari anataka ubunge. Mimi nina miaka kumi na saba, sikuyaona yale. Lakini nikikumbuka kizuizi kile barabarani, naona wenye Azimio waliliona jambo moja vizuri: mwenye magunia akiwa ndiye pia mwenye kalamu ya kutia sahihi kibali, mchomaji mwingine atakwenda kwa nani?

Juu ya jambo hilo sina ushahidi kwamba Karume alitumia uwaziri wake kujipatia mali. Mali alikuwa nayo zamani kabla ya uwaziri. Ninalosema ni la utaratibu, si la mtu.

Habari moja ya mwisho juu yake ndiyo iliyonikaa moyoni kuliko uwaziri. Miongoni mwa hoteli zake, pamoja na ile ya Jacaranda mjini Nairobi na nyingine ya pwani ya Diani, alikuwa na nyumba ya wageni kando ya Ziwa Elementaita, huko huko alikozaliwa mtoto wa skwota. Nikajaribu kuwaza mzee yule ameketi barazani, akitazama nyanda ambazo baba yake alizilima bila kuzimiliki.

Likizo iliyopita nilimsimulia mjomba habari hizi usiku, tulipokuwa tukilinda tanuri. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, isipokuwa mara moja alipoinuka kuziba ufa. Nilipofika kwenye bia alicheka, akasema, "Astaghfirullah, endelea." Nilipomaliza hakuuliza juu ya uwaziri hata kidogo. Aliuliza, "Huko Kabete walimfundisha nini hasa?" Nikamwambia mambo ya biashara, nadhani na kuandika hesabu. Akakaa kimya. Halafu akaingia kibandani, akatoka na mfuko wake wa nailoni, akanipa vibali vyote vya mwaka ule na daftari ambalo ndani yake alikuwa ameandika majina ya wanunuzi bila tarehe.

Tulikaa na taa ya simu mpaka betri ikaisha. Nilipanga vibali kwa tarehe. Nilipiga mistari katika daftari: tarehe, magunia yaliyotoka, bei, ushuru, gari, kilichobaki. Tuliyaandika matanuri manne ya mwisho. Katika mawili, mjomba alikuwa amepata faida ndogo. Katika moja alirudisha fedha zake tu. Katika moja, ambalo siku zote alilisema kwamba ndilo tanuri lake zuri kuliko yote kwa sababu lilitoa magunia mengi, alikuwa amepata hasara, maana gari lilikodiwa mara mbili. Aliiangalia ile hesabu muda mrefu. Akaniambia niiandike tena upya kwa wino.

Juu ya kidato cha tano hatukusema neno usiku ule. Asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri gari, akanipa nauli, akaniuliza shule itafungwa tarehe ngapi mwisho wa muhula huu, kwa kuwa tanuri lingine atalifungua wakati huo na daftari litakuwa linaningoja.